Filimbi ya Jumamosi

Klabu ya Huduma ya Nyamisangura haikuwa na mali ya kujivunia. Ilikuwa na toroli moja ambalo gurudumu lake lilipiga kelele kuliko mzigo liliobeba, na ilikuwa na filimbi ya plastiki ya njano, yenye kamba nyekundu, ambayo mwenyekiti Teresia aliinunua Isebania, ng'ambo ya mpaka. Kila Jumamosi asubuhi filimbi hiyo ilipolia sokoni, wanachama waliinama kufagia. Isipolia, hakuna aliyeinama. Ndivyo walivyokubaliana baada ya kugombana sana juu ya nani huchelewa na nani hujifanya amefika mapema.

Mpiga filimbi alikuwa Zilpa, muuza dagaa. Jumamosi hiyo alifika sokoni akiwa na aproni yake ya njano na ufagio wake, lakini shingoni hakuwa na kitu.

"Mama Sharon, filimbi?" Teresia aliuliza.

"Siioni. Nimepindua nyumba nzima."

"Basi piga kelele tuanze. Jua halitungoji."

Zilpa akajaza kifua hewa akaita, "Haya, tuanze!" Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma pale pembeni, ikameza maneno yote. Akaita tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wenzake waliokuwa mbali wakaendelea kupiga soga wameegemea mafagio yao. Wauza nyama, watu wasiokosa la kusema, wakashika mbavu.

"Refa amekuja bila filimbi!" alisema mmoja. "Mechi imeahirishwa!"

Watu walizoea kuicheka klabu ile. Tangu dhahabu ianze kugombewa kule upande wa Nyamongo, kila mwanamume wa Tarime mwenye mikono miwili alijiona tajiri aliyechelewa kidogo tu, na mtu anayengoja utajiri haoni sababu ya kufagia takataka za wengine. Zilpa alifagia siku hiyo bila kuinua macho. Aliona aibu, na aibu ilimuuma zaidi kwa kuwa kuna mtu ambaye yeye mwenyewe alimshuku.

Mtu huyo alikuwa mume wake. Okeyo alirudi nyumbani mchana kubadilisha nguo, nywele zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa fundi cherehani, na fundi mzuri; aproni zote za klabu alizishona yeye, ingawa alizishona huku akilalamika tangu upindo wa kwanza hadi wa mwisho. Sasa cherehani ilikaa barazani imefunikwa shuka, na fundi alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule mlimani, akishirikiana duara moja, shimo la kuchimbia, na Mkurya aitwaye Simioni. Okeyo alishuka shimoni, Simioni alibaki juu kuvuta kamba.

"Baba Sharon, umeona filimbi ya klabu?"

"Mimi?" Okeyo alimega tonge. "Nimekuwa trafiki? Waulize watoto."

"Watoto hawajaigusa."

"Waulize hao wenzako wa mafagio. Klabu kama ile, mwizi akiingia atachukua nini? Si filimbi?"

"Nimechekwa leo mbele ya soko zima."

"Na mimi nachekwa kila siku. Mke wa Okeyo anafagia soko kama mtu asiye na mume." Akachovya tonge kwenye mchuzi wa dagaa. "Vumilia. Nikipata mawe mazuri, utaajiri mtu wa kukufagilia."

Filimbi ilikuwa mfukoni mwake wakati ule ule. Alikuwa ameichukua wiki iliyopita, kwa sababu chini ya ardhi sauti ya mtu haifiki juu, na filimbi inafika. Alikubaliana na Simioni: mlio mmoja mrefu, vuta, miwili mifupi, simama. Angeweza kuiomba. Lakini mtu aliyeidharau klabu kwa mdomo mpana namna ile angeombaje kitu chake? Aliona ni nafuu kuiba. Alikula akashiba, akabadilisha shati, akaondoka kabla mke wake hajamtazama vizuri usoni.

Jumanne asubuhi Simioni aliruka kutoka nyuma ya lori la mchanga, akaja mbio hadi kwenye meza ya dagaa.

"Shemeji," alisema, "duara limeporomoka. Matimba ya kuzuia kuta yamevunjika. Okeyo yumo ndani."

Zilpa aliweka chini kopo la kupimia. "Yu hai?"

"Hatujui. Pale pana maduara yaliyoungana chini kwa chini. Alikimbilia upande gani, hatujui. Tukichimba pasipo penyewe tunamwangushia mlima. Tumeita mpaka sauti zimekauka. Sasa watu..." Simioni alifuta uso kwa mkono. "Watu wameanza kulia msiba, shemeji. Na mimi ndiye mvuta kamba. Sikusikia filimbi hata kidogo."

"Filimbi gani?"

"Ile yake ya kuniitia. Ya njano, ina kamba nyekundu. Anaivaa shingoni."

Hasira ilimpanda Zilpa kwanza, na hakuna haja ya kuificha. Alimwona akilini mumewe anamega tonge na kumuuliza kama amekuwa trafiki. "Mwizi," alisema polepole. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Kama anayo shingoni," alisema, "basi anaipiga."

"Tungeisikia."

"Kule pana kelele gani?"

"Kelele? Shemeji, kule pana karasha za kusagia mawe kila hatua, pana pampu, pana jenereta, pana watu kama siafu. Mtu akikuita ubavuni hugeuki."

Zilpa alikumbuka Jumamosi, sauti yake ikimezwa na mashine moja tu ya mahindi. Hakungoja Simioni amalize. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mandazi cha Teresia, akamkuta mwenyekiti mikono imejaa unga.

"Mwenyekiti, iite klabu."

Teresia alimtazama usoni, akaona kwamba hakuna la kuuliza. Akafunika unga, akavua khanga ya mabegani, akafunga aproni ya njano. Muda si muda wanachama walikuwa wamejazana kwenye pikapu ya Mwalimu Nashoni, mstaafu aliyekuwa mweka hazina wa klabu, na gari likashika njia ya mlimani. Wauza nyama waliwaona wanapita. Mmoja alifungua mdomo kusema kitu, akamwona Zilpa, akaufunga.

Zilpa hakuwa amewahi kufika pale. Alikuwa amesikia habari zake kama kila mtu, lakini macho yalipouona mlima ule alisahau kwa muda mfupi kilichomleta. Ulikuwa umetobolewa kutoka chini hadi kileleni. Maturubai ya bluu yalifunika midomo ya maduara, na katikati yake watu, watu, watu, wamebeba viroba, wanapanda, wanashuka, wanagombana, wote rangi moja ya vumbi. Chini kando ya kijito karasha zilinguruma hadi meno yakatikisika kinywani. Alijiuliza binadamu wamewezaje kuufanyia mlima hivi kwa mikono. Akajisikia mdogo sana.

Pikapu ilisimama chini, penye vibanda vya chakula, kwani mwanamke hakuruhusiwa kupita hapo. Wachimbaji waliamini kwamba mwanamke akikaribia mdomo wa duara, dhahabu inahama. Palikuwa na kijana wa kulinda mpaka huo, na aliwanyooshea fimbo hata kabla hawajashuka.

"Akina mama, mwisho hapa!"

Wapishi wa Kijaluo walipomtambua mke wa Okeyo, waliweka mikono kichwani wakapiga nduru, ule mlio mkali wa kumpokea mfiwa. Walingoja naye aitikie. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mke hupiga yake juu ya zote, ili walio mbali wajue nani amepatwa na nini. Zilpa alifungua kinywa. Kilio kilikuwa tayari kooni, kinasukuma kutoka. Akakifunga kinywa.

"Huyu ndiye mke?" mmoja alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika vizuri. "Mbona halii?"

"Labda walikuwa na yao nyumbani."

"Nyamazeni," Zilpa alisema.

"Yaye! Atunyamazishe kwenye msiba?"

"Nyamazeni, dada zangu. Mnamzika mtu ambaye bado ananiita."

Hawakumwelewa, ila waliyaona meno yake yameuma mdomo wa chini hadi damu, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hapo Teresia akagawa kazi kana kwamba ni Jumamosi. Mwalimu Nashoni na wanaume wachache wa klabu walipanda na Simioni kwenda kwenye pampu na jenereta. Wanawake walishuka kijitoni kwenye karasha. Neno lao lilikuwa moja: zima, kuna mtu chini, tunataka kumsikiliza.

Wengine waliwacheka. Wengine waliwatukana. Lakini zile aproni za njano zilikuwa kila mahali, na si rahisi kuendelea kumtukana mama mtu mzima aliyesimama mbele yako amekunja mikono, haondoki. Mashine moja ikazimwa. Kisha nyingine. Kule juu pampu zikakata sauti. Mwishoni ikabaki karasha moja, kubwa kuliko zote, ya Mogesi.

"Izime, mwanangu!" Teresia alipaza sauti.

"Mama, shikamoo, lakini nenda zako!" Mogesi alijibu, naye anapaza. "Humu ndani mna mawe ya watu! Wakiniuliza niseme nilisimama kumsikiliza Mjaluo?"

"Yowe likipigwa kwamba ng'ombe wameibwa, wewe mura, kijana wa Kikurya, huuliza kwanza ng'ombe ni wa nani?"

"Hao ni ng'ombe! Huyu ni mtu tu!"

Alisema, kisha akajisikia alivyosema. Akageuza macho pembeni kutafuta pa kuyaweka, yakamwangukia Zilpa.

"Ndiye mkewe?"

"Ndiye."

"Mbona halii?"

"Amekizuia kilio ili asikie," Teresia alisema. "Yeye amezuia kilio cha mume. Wewe unashindwa kuzuia mkanda wa mashine?"

Mogesi alimtazama Zilpa kwa muda. Kisha akachukua gogo, akausukuma mkanda ukachomoka. Karasha ikazunguka yenyewe kidogo, kwa uvivu, ikasimama.

Mlima ukanyamaza.

Waliokuwapo siku ile husema hakuna aliyewahi kuusikia mlima ule ukiwa kimya tangu dhahabu ionekane. Kimya kilianza pale kijitoni, kikapanda. Wachimbaji waliokuwa ndani ya maduara waliogopa, wakadhani juu kuna maafa, wakapanda kamba mbio. Walipotoa vichwa nje waliwaona wenzao wamesimama vidole midomoni, nao wakasimama hapo hapo, nusu nje, nusu ndani. Watu waliokuwa tayari kutoana roho kwa kiroba cha mawe walisimama bega kwa bega wakishikilia pumzi. Turubai lilipigwa na upepo. Kijito, ambacho wengi walisahau kwamba kina sauti, kilisikika kikipita juu ya mawe. Ng'ambo kabisa, kengele ya ng'ombe ililia shingoni mwa ng'ombe asiyejua lolote. Kusema kweli ilitisha kuona umati ule, wa makabila yote, ukisikiliza kitu kimoja. Teresia, mwanamke asiyetikiswa na jambo, alijikuta machozi yanamtoka na hakujua ni ya nini.

Hawakusikia kitu.

Wakangoja. Kule juu Simioni alikuwa amelaza sikio kwenye mdomo wa duara lao, kisha la pili, kisha la tatu, akiinuka kila mara na kutikisa kichwa. Mtu mmoja alinong'ona kwamba basi, imetosha, tumwachie Mungu. Mogesi alimgeukia kwa jicho ambalo lilimnyamazisha vizuri kuliko ngumi.

Zilpa alikuwa amerudi penye vibanda vya chakula. Nyuma ya vibanda palikuwa na shimo la zamani, la watu walioanza kuchimba wakakata tamaa, na wapishi walilifanya jalala. Walimwaga humo majivu, maganda ya viazi na maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa anapita kando yake aliposimama ghafla. Aligeuza kichwa, kama mtu aliyeitwa jina sokoni. Akalala kifudifudi juu ya majivu na maganda, na aproni yake ya njano, akaweka sikio.

Ulikuwa mlio mwembamba mno, mwembamba kuliko wa mbu. Ukakoma. Ukaja tena.

"Ipo," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini katika kimya kile neno lilipanda mlima wote. Simioni aliteremka akikimbia kwa ncha za vidole, asitikise ardhi, akajitupa kando yake. Wakasikiliza pamoja. Mlio mmoja, mrefu. Kimya. Mlio mmoja, mrefu. Uso wa Simioni ukavunjika.

"Vuta," alisema huku analia kama mtoto. "Anasema vuta. Shemeji, ananiambia vuta!"

Hapo wachimbaji wakashuka wote, kwenye upande wa wanawake, kati ya sufuria na mafiga, na yule kijana wa fimbo aliitupa fimbo akashika koleo. Takataka ziliondolewa na klabu, kwa sababu kama kuna kazi ambayo klabu ile iliijua ni hiyo. Wachimbaji walichimba wakipokezana, wapishi walipokea udongo kwa mabeseni, na Mwalimu Nashoni aliyekuwa na kifua kibovu alibeba maji ya kunywa. Hakuna aliyeuliza nani atalipa. Kila baada ya muda Simioni aliinua mkono, na umati wote ukasimama wima, koleo hewani, hadi filimbi ilipojibu. Kila ilipojibu, watu walivuta pumzi pamoja, na ilikuwa kana kwamba mlima wenyewe unapumua.

Jua lilikuwa limeinama walipomtoa. Alitoka mkono mmoja kwanza, kisha kichwa cheupe kwa vumbi, filimbi imebanwa kati ya meno. Taya lilikuwa limekaza, hakuweza kuiachia. Ilibidi Simioni aitoe taratibu kama anayemnyang'anya mtoto kijiko. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika. Okeyo alipepesa macho, akaona rangi ya njano imemzunguka pande zote. Ilimchukua muda kujua kwamba anatazama mishono yake mwenyewe.

"Zilpa," alisema. "Nilitaka kukuambia."

"Nyamaza."

"Niliiona mezani nikasema..."

"Nyamaza, Baba Sharon."

Akampangusa uso kwa pindo la aproni, macho, pua, mdomo, akahakikisha ni yeye. Ndipo akainuka, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Aliitoa yote aliyoizuia tangu asubuhi. Ilipanda juu ya maturubai, ikapita kileleni, ikaenda. Wapishi waliomsema walijifunika nyuso. Wanaume walivua kofia bila kujua wanamvulia nani, kwani aliyeliliwa alikuwa hapo amekaa, anakohoa, anaomba maji. Mogesi aliketi juu ya jiwe, na ilikuwa giza linaingia alipokumbuka kwamba ana karasha ya kuwasha.

Jumamosi iliyofuata Klabu ya Huduma ya Nyamisangura ilikutana sokoni kama kawaida, na ajenda ilikuwa moja. Okeyo alikuwa ametumia mali ya klabu bila ruhusa. Teresia alisoma kosa, Mwalimu Nashoni akauliza kama mshtakiwa ana la kusema. Okeyo, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, alisema hana, ila anaomba aproni. Hapakuwa na aproni ya saizi yake. Alivaa ya Teresia, na ikamfika kwenye kitovu.

"Fundi," mmoja wa wauza nyama alianza, na wenzake wakamgeukia wote. Akainama kunoa kisu.

Zilpa alishika filimbi. Plastiki ilikuwa na alama za meno, na hakutaka kuyafikiria yale meno yalivyouma gizani. Alitazama soko, akatazama toroli, akaweka filimbi mdomoni, akapiga.

Mashine ya kusaga ikazimwa.

Aliyekuwa akiiendesha siku hiyo alikuwa kijana aliyerudi kutoka mlimani Alhamisi, na mkono wake ulifanya wenyewe. Kule mlimani sasa ilikuwa ndivyo. Filimbi ikilia, kila mashine inalala. Sokoni walikuwapo wengine wengi wa mlimani, waliokuja kununua unga na mafuta ya taa, nao wakasimama walipokuwa. Waliowaona wamesimama wakasimama pia. Kisu cha muuza nyama kilikaa hewani. Mwanamke mmoja alizuia kikombe chake cha uji karibu na midomo. Soko zima la Nyamisangura lilinyamaza, watu wanatazama chini, kana kwamba chini ya miguu yao kuna mtu.

Zilpa aliogopa. Alitaka kusema hakuna jambo, ni usafi tu. Ndipo kwenye kimya hicho ikasikika sauti moja, ya ufagio. Okeyo alikuwa ameinama na aproni yake fupi, anafagia kwa mkono mmoja chini ya meza ya dagaa, kwa bidii, bila kumtazama mtu.

Zilpa aliisikiliza mpaka moyo wake ukatulia.

"Haya," aliwaambia wengine, "tuanze."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na soko zima likamsikia.